Swali la Kumi na Nne

Stima imepotea tena Pipeline, tokeni zimekwisha,
nami nasahihisha kwa tochi ya simu:
karatasi arobaini na tatu za Sayansi, Gredi ya Sita,
kalamu nyekundu, chai iliyoshika utandu.

Swali la kumi na nne, alama mbili:
eleza jinsi maji yanavyogeuka mvuke.
Limeulizwa kwa Kiingereza, kama yote.

Otwori amejibu kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula,
neno kwa neno, nukta kwa nukta,
kama nilivyoandika ubaoni,
kama kitabu kilivyoniandikia mimi.
Alama mbili. Sina budi.
Ila juzi nilimuuliza, mbona nguo za kwenu huko chini hazikauki?
Akafikiri sana.
Akasema: keateka ni mkali.

Syombua ameandika kwa Kiswahili.
Alianza na neno moja la Kiingereza, akalikata,
akalianza tena, akalikata hadi karatasi ikatoboka,
halafu mkono ukafunguka:

"Maji hayangoji kuchemka ndipo yaondoke.
Huondoka kidogo kidogo, hata ukiyakodolea macho huyaoni.
Sisi tunakaa chini kabisa, ploti zimebanana, jua halifiki.
Nguo za watu anazofua mama hukaa siku tatu, zikanuka.
Tukizipandisha juu ya paa, ghorofa ya saba,
kufikia saa nane zimekauka, hata siku ya mawingu.
Kwa hivyo si jua peke yake. Ni upepo pia.
Na shuka ukiitandaza hukauka haraka,
ukiikunja inakataa."

Joto. Upepo. Upana wa kitambaa.
Mwongozo uliomba mambo mawili, ametoa matatu.
Lakini mwongozo una mstari pale juu, herufi nzito:
majibu yote yawe kwa Kiingereza.
Nimeinua kalamu. Nimeishusha.
Simu imebaki na asilimia tisa.

Muhula uliopita, kwenye mkutano wa wazazi,
nilisimama nikasema watoto wafundishwe
kwa lugha wanayoiotea ndoto.
Nilisema vizuri. Nikatia na methali: mwacha asili ni mtumwa.
Mzee wa watu, babake Otwori, akauliza,
asili ipi, mwalimu? Kikisii changu,
Kiluhya cha mamake, au hii Sheng ya ngazini?
Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikitafuta kiti.

Ndipo mamake Syombua akainuka,
vidole vimechunika kwa jiki.
"Kiswahili tunacho nyumbani, mwalimu, hatukinunui.
Hao ninaowafulia South B
hunituma kwa Kiswahili,
mambo ya pesa huyapanga kwa Kiingereza,
nikiwa pale pale, nimeshika beseni.
Mimi nalipa karo mtoto apate
hicho kinachonipita juu ya kichwa."
Akaketi. Bi Chesang, mwalimu mkuu, akaandika:
ajenda ya tatu, imekwisha.

Sikuwa na jibu. Hata usiku huu sina.
Mama ana haki yake, binti ana haki yake,
na kalamu ni moja.
Nimeandika mbili, kwa penseli,
kama mtu anayekopa.

Jumatatu Syombua alikuja na sweta mbichi.
Nikamkalisha dirishani.
Nikaandika ubaoni MVUKIZO, kwa herufi kubwa,
na chini yake lile neno lingine.
Darasa likayanakili yote mawili, kalamu zikikwaruza.
Otwori akainua mkono:
"Mwalimu, ni lipi linakuja kwa mtihani?"

Nikageuka nimjibu.
Syombua hakuwa akitazama ubao.
Alikuwa amevua sweta, kaiweka kwenye kizingiti cha dirisha,
anaitandaza, mkono mmoja,
halafu wa pili.