Kipengele cha Saba

Wakili Bahasan alinituma na kompyuta mgongoni,
tuktuk hadi Casuarina, lango la buluu,
mwezi ule ambao Sabaki huteremsha matope
na bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Mama Renata alikuwa ameipanga dunia yake mezani:
funguo za Bergamo, ghorofa ya tatu, lifti mbovu;
barua ya benki ya Lugano, bado haijafunguliwa;
picha ya shamba la mizeituni, nusu yake,
nusu ya kaka ambaye hawajasemezana tangu matanga ya mama yao;
na hati ya nyumba hii, ambayo si yake hasa,
ameikodi kwa serikali miaka tisini na tisa,
imebaki sitini na mmoja.
"Itanizidi umri," alisema, akacheka,
kikohozi kikamalizia kicheko.

Mimi kazi yangu ni kuchapa.
Nimechapa wasia wa watu wenye ng'ombe watatu
na ugomvi wa ng'ombe thelathini.
Huu ulikuwa na mipaka ya nchi ndani yake.
Nikaanza kama tunavyoanza siku zote,
"Nafuta wasia wote niliowahi kuandika,"
wakili akapiga kelele kwenye simu:
Futa hiyo futa! Utauua ule wa Bergamo!
Basi nikaongeza, "kwa mali iliyoko Kenya pekee,"
maneno matano yakasimama kama askari wa forodha.

Kwa mwanawe Ettore hakutaja kitu.
"Kule kwetu sheria humpa fungu lake,
apige simu asipige."
Akaitazama simu. Ilikuwa imelala kifudifudi.

Na mwili? nikauliza, maana niliagizwa niulize.
"Mwili si mali. Lakini andika: hapa.
Msinipakie ndege kama gunia la korosho."

Kisha kipengele cha saba.
Alinisogezea kikaratasi, hakutamka.
Jina kamili, namba ya kitambulisho
aliyoinakili usiku ule walipolala hospitali wote wawili,
mmoja kitandani, mmoja juu ya kanga sakafuni.
Nilichapa polepole, kwa kidole kimoja.
Jikoni mtu alikuwa anaponda kitunguu saumu.

Mashahidi wawili, na sheria huwataka pamoja.
Alikuja Twahir wa duka la dawa, na haraka zake,
akaja Nyamawi wa lango, akaivulia karatasi kofia.
Kadzo naye akaja, amekwisha kujifuta mikono,
ameshanyoosha vidole kuiendea kalamu.
"Wewe hapana," alisema Mama Renata.
"Wewe usitie sahihi."

Kimya kile ningeweza kukichapa.

"Miaka ishirini na mmoja," Kadzo aliniambia mimi, si yeye,
"nakijua kikohozi chake cha saa nane na cha saa kumi.
Nyamawi ana miezi minne hapa!
Au mwadhani sijui kuandika?
Nimesoma ngumbaru mimi. Jina langu nalijua,
hata ile dz haikunishinda."

Ningemwambia nini?
Kwamba sheria humshuku shahidi mwenye fungu,
kwamba mkono utiao sahihi hurudi mtupu?
Siri ya ofisi ilinikaa kooni kama mwiba wa chewa.
Mama Renata alikuwa anakifunga kifuniko cha kalamu,
anakifungua, anakifunga.

Kahawa yangu ililetwa bila sukari,
ikatuliwa kwa kishindo,
ikarukia ukingo wa nakala, si wasia wenyewe.
Niliinywa yote.

Langoni Nyamawi aliniuliza kama sahihi yake imetoka vizuri.
Nikamwambia imetoka vizuri.
Nyuma yetu sufuria zilikuwa zinagombana,
halafu kikohozi,
halafu sauti ikiita kwa Kigiriama kibovu,
halafu kandambili, haraka, juu ya sakafu,
zimenuna, lakini zaenda.