Kilomita Themanini Kabla ya Haima

Mbweha hujitangaza:
vijicho viwili vya kijani kando ya lami,
ukipepesa, hayupo.
Paa naye humeta, hushtuka, hukupisha.
Ngamia hana desturi hiyo.
Kichwa chake kiko juu ya mwanga wa taa,
rangi yake ni ya mchanga,
na mchanga usiku hauna rangi.

Ndivyo alivyonieleza askari wa barabarani mwaka ule,
akichora nyuma ya karatasi:
hapa taa, hapa miguu,
hapa kiwiliwili kinapoingilia kioo.
Suwedi alikuwa na miaka thelathini na mmoja.
Chupa yake ya chai haikuvunjika.
Mama huwamiminia wageni kwayo hadi leo.

Miaka saba napita njia hii na matairi ya kuuza Salala,
na kila nimwonapo ngamia mchana, nyuma ya ua wa waya,
akitafuna mgunga
kwa ule mdomo wa mtu anayezuia kicheko,
hutema mate dirishani.

Leo, saa nane za usiku, baridi ya Januari,
kitu kama kichuguu katikati ya njia.
Nilikanyaga breki hadi shehena ikanguruma mgongoni.
Kichuguu kikageuza shingo.

Alikuwa amelala. Juu ya lami!
Jangwa lote lile, upana wote ule wa Mola,
yeye akachagua baina ya mistari miwili myeupe,
kwa kuwa lami hulitunza jua la mchana
kama jiko lililofukiwa majivu.

Ondoka, nikamwambia.
Kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili,
kile cha matusi, alichotufunza bibi bila kukusudia.
Akacheua.

Ndipo nikaziona taa, mbali, mbili,
kisha nne, kisha lori zima lenye haraka zake.
Sikufikiri. Ningefikiri, ningerudi garini.
Nilivua shali, nikakimbia kulikabili,
nikiipunga juu ya kichwa, nikipiga kelele
jina ambalo sikulijua kuwa liko mdomoni.

Honi ndefu. Vumbi. Harufu ya mpira unaoungua.
Likasimama hatua kumi hivi kutoka magotini mwangu.
Dereva, Mpathani mwenye ndevu za hina,
akachungulia, uso umemwiva:
Ngamia wako?

Nikasema, wangu.

Akainuka kwa wakati wake, matako kwanza,
kisha magoti, kisha ile shingo isiyo na mwisho,
akatupita sote wawili bila salamu.
Kamba kuukuu ilimburura mguuni.
Giza likamla kutoka mbele kwenda nyuma.

Lori lilipoondoka niliinama,
nikaweka kiganja pale alipolala.
Palikuwa na joto.
La jua au lake, sikuweza kutenganisha.
Nikakaa nalo kidogo,
taa za hatari zikihesabu nyuma yangu,
tak, tak, tak.