Kabla Sijawapa Ufunguo

Dzombo, nawe Umazi, njooni huku nyuma,
wanunuzi wengine hawakufika huku.
Viti mmevikalia, jiko mmeliwasha,
kitanda mmekitazama mkaona haya.
Sasa inameni.

Basi hili lilikuwa la shule.
Feruzi wangu alilinunua halina injini, lina chawa,
akasema likiwa nyumba halitakosa choo.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha pampu Bandarini,
akinyonya maji ya matumbo ya meli.
Kila kisafiricho kina tumbo, alisema,
na kila tumbo lina siku yake.

Matangi ni mawili.
La kijivu ni la vyombo, la kuoga, la kuoshea mchele.
Jeusi mnalijua, msinitajishe.

Koki ya jeusi ifungwe.
Ifungwe hata jirani wa Shanzu akiwapa shimo lake bure.
Mkiiacha wazi, maji yanatangulia,
kizito kinabaki, kinakaa, kinakauka,
kinakuwa kichuguu.
Tuliishi na kichuguu mwezi mzima pale Bamburi.
Feruzi alikipiga kwa mpini wa fagio
na kwa matusi ya gatini
ambayo siku ya posa hakusema anayajua.

Likijaa, mpigieni Nyamawi, mwenye lori la kunyonya.
Msimwite mzoa mavi.
Akiudhika atawajia Ijumaa saa saba,
watu ndio wanatoka msikitini,
na upepo unaelekea huko huko.

Anzeni na jeusi. Kisha la kijivu,
ili povu la sabuni lije nyuma lioshe mpira.
Jeusi kwanza. Semeni.
Jeusi kwanza.

Koki ikikaza, mafuta ya nazi.
Yalikuwa ya nywele zangu; nilizoea.

Na taa ile juu ya sinki ni mwongo.
Karatasi imenata kwenye jicho lake huko ndani,
mwaka wa tano huu inawaka nyekundu,
inaapa limejaa hata likiwa tupu limeoshwa.
Feruzi hakuitazama.
Aligonga kwa kifundo cha kidole, juu, kati, chini,
akitega sikio kama mama anayechagua nazi Kongowea.

Mwaka jana miguu ilipomkataa
nikawa nagonga mimi, huku nje, jua la utosi,
naye kitandani, bati moja tu kati yetu,
anajibu: "Bado. Siku nne."
Hakukosea hata mara moja.
Alikosea mara moja.
Siku hiyo nilifua mpaka magharibi,
naye anacheka kule ndani mpaka akakohoa.

Baada ya arubaini nilimwita Nyamawi.
Sijui mkono ulitumwa na nani, ukaenda kwenye la kijivu.
Sabuni yote ikapita, ikaisha,
ndipo nikafungua jeusi,
na hapakuwa na kitu cha kuosha mpira.
Nyamawi aliona. Hakusema.
Alirudi kwenye lori, akaleta dumu lake la kunawia,
akalimimina polepole, uso ameugeuzia ukutani.

Kwa hiyo nikisema semeni, semeni.

Haya. Ufunguo huu hapa, meno yake yamelika,
uvuteni kidogo kabla ya kuzungusha.
Glovu ndefu za samawati ni zenu.
Hizi zenye kiraka naondoka nazo.

Bado moja.
Dzombo, panda ndani, lala upande wa dirisha.
Viatu vua.
Umazi, gonga. Si kwa kiganja, kwa kifundo.
Juu. Sasa hapo kati.
Dzombo, umesikia nini?

Ngojeni.
Ngojeni kwanza, kuna trela linapita.