Vocha Mbili

Nilihesabu vibaya tangu mwanzo.
Vocha zilitufikia tarehe ishirini Juni,
yangu na ya Mselemu,
ndege ya Maskati ilipofutwa
nasi tushafunga mpaka achari ya Nargisi.
Miezi kumi na miwili, zilisema.
Nikapiga vidole, Juni kwa Juni,
nikazitia ndani ya kopo la biskuti,
juu ya vifungo vya kanzu.

Oktoba Mselemu akasafiri bila tiketi.
Nikakaa eda humu Kuze, chumba cha juu,
miezi minne na siku kumi.
Eda naijua hesabu yake:
huanza siku aliyokufa mtu,
si siku habari ilipokufikia.
Hata mtoto wa chuoni angekwambia.
Sasa mimi, mtu mzima,
ilinipitaje kwamba vocha nayo ni vivyo hivyo?

Machi, tarehe saba,
nilipanda ngazi za ofisi ya Barabara ya Nkrumah.
Chengo, kijana mpole, tai imempinda,
akaigeuza karatasi, akaniwekea kidole
penye herufi ndogo kama ufuta:
muda huhesabiwa tangu siku tiketi ya kwanza ilipokatwa.
Tulikata tarehe tisa Machi.
Mselemu alivaa shati la bandarini siku ile,
akadai risiti mara mbili.

"Mama, una siku mbili."
"Siku mbili nitafikaje? Nargisi yuko Salala
kwa wakweze, harudi mpaka Aprili."
"Kufika si lazima. Kata tu.
Kukata kuna mwisho wake, kusafiri kuna mwisho wake.
Ukikata kabla ya tarehe, ndege iwe hata ya Mei."

Nikasema nitamuuliza binti yangu kwanza.
Kisha nikatoa ya pili.
Akasoma jina. Haihamishwi.
Haibadilishwi kwa fedha.
"Labda mwenyewe akija na kitambu..."
Akaiona buibui yangu, au uso,
akaanza kuinyoosha tai.

Usiku wa tarehe tisa, baada ya isha,
Twaha wa jirani alinikatia kwa simu yake.
Mei kumi na nne, kiti cha dirishani.
Zilibaki shilingi elfu moja mia nane.
Salio halirudi, Twaha alisoma, akacheka,
nikampa mkate wa sinia akaenda zake.

Kwetu siku ilikwisha magharibi;
mwadhini aliifunga mbele ya macho yangu.
Kwa saa ya ukutani ikafa saa sita.
Lakini Chengo alinitajia jambo moja mlangoni, kwa sauti ya chini:
wao wafuata saa za makao makuu,
nyuma yetu saa tatu.

Basi ya Mselemu ilikuwa hai bado.
Niliilaza mezani, nikamimina kahawa, vikombe viwili,
mkono una mazoea yake.
Nikamwambia Nargisi amezaa wa pili, wa kiume,
kichwa kama chake, cha boga.
Nikamwambia mfereji wa uani umezibuliwa hatimaye,
na mzibuaji alitaka elfu tatu, nikampa mbili.
Kuhusu kiti cha dirishani nilisita,
maana angekitaka.

Saa nane na nusu paka wa chini akalia.
Saa nane na dakika hamsini niliacha kuitazama saa.
Saa tisa ilinikuta
katikati ya bei ya samli.