Mzunguko wa Kindai

Saa kumi na moja na robo, Unyankindi bado imejifunika gubigubi.
Nafunga kamba za raba za mtumba nilizonunua mnadani;
ndani ya kisigino cha kushoto, kwa wino uliofifia,
mtu aliandika jina lake: Ingrid.
Simjui. Tunakimbia naye.

Njia alinichorea nesi wa kliniki ya presha
nyuma ya karatasi ya dawa:
shuka kwa mashine ya alizeti, pita majabali matatu,
ingia migungani, tokea ziwani, zunguka, rudi.
Hakuchora upepo.
Upepo wa Singida ukienda unakusukuma mgongoni
kama shangazi anayekuharakisha harusini,
ukirudi unakukaba shati, unakudai.

Getini kwa mashine mlinzi huniuliza,
"Dada, unamkimbia nani?"
Wiki ya kwanza nilimjibu: sukari.
Wiki ya pili: madeni.
Sasa napunga mkono tu,
naye hugonga rungu kwenye bati, ko, ko, ko,
ananihesabia hatua mpaka nipotelee konani.

Migungani njia ilikuwa ya mbuzi kabla haijawa yangu.
Inapinda pasipo na sababu,
ila sababu ya mbuzi: jani fulani, miaka fulani.
Nami napinda.
Kanga wanatimka miguuni, moyo unaruka nao,
na mwiba, mwiba wa Singida,
unapenya soli ya Ingrid bila kubisha hodi.
Nakaa juu ya jiwe. Nauchomoa kwa meno.
Jiwe bado lina joto la jana.

Halafu ziwa.
Mwaka ule wa mvua nyingi Kindai lilipanda,
likameza njia ya zamani, likameza uzio wa shamba la mtu.
Nguzo zimebaki mle majini, mstari mmoja,
kama wanafunzi waliochelewa namba,
na chumvi imezivalisha soksi nyeupe.
Heroe wamesimama mguu mmoja mmoja,
hakuna wa kuwaambia wakimbie.

Mimi niliambiwa.
Darasa la tano, miguu peku, umande ukiuma vidole,
shule nzima ikitifua vumbi kwa mchakamchaka,
na nyuma kabisa mimi,
na nyuma yangu Mwalimu Ntandu na fimbo yake ya mkole:
"Digha! Ziwa halitakufuata!"
Niliapa siku ile, kamasi zikinitiririka,
kwamba nikiwa mtu mzima
sitakimbia hata nyumba ikiungua.

Leo, karibu na nguzo ya saba, namwona mtu mbele.
Anatembea. Mguu wa kulia unakwenda,
wa kushoto unaburutwa, unachora mfereji kwenye tope la chumvi,
mrefu, umenyooka kuliko njia ya nesi.
Ana fimbo. Anaiegemea.
Nilisikia habari za kiharusi, kama wote mjini tulivyosikia,
nikasema pole kwa hewa, nikaendelea kupepeta mchele.

Sijamfikia, hajageuka,
anasema, kila neno likija kwa zamu yake,
kama maji ya bomba la Mandewa:
"Digha. Bado... unatua... na kisigino."

Miaka thelathini na moja.
Nilikuwa na jibu. Nililinoa usiku mwingi.
Limekwenda wapi, sijui; labda kwa wale heroe.
Nikapunguza mwendo, nikapunguza tena,
nikakaa nyuma yake, pale pale pangu pa zamani,
mguu mmoja ndani ya mfereji wake.
"Moja," akasema.
"Moja," nikaitika.
Tulifika mpaka kumi na nne. Akapumzika.
Tukaanza tena na moja.

Jua lilinikuta njiani, kali, mchana mwingine kabisa.
Mlinzi alikuwa anakabidhi lindo, rungu kwapani.
"Leo umechelewa, dada. Vipi, amekukamata?"

"Amenikamata," nikasema,
nikavua raba getini, nikakung'uta chumvi.