Usipige Randa Hapa

Februari, Lowell. Mto Merrimack umeganda kingoni,
katikati bado unasema.
Tunang'oa misumari.
Ya zamani hii, ya pembe nne,
inatoka ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia.
Naitupa ndooni. Ndoo ya tatu leo.

Mbao zilikuwa sakafu ya kiwanda cha nguo,
ghorofa ya nne, upande wa madirisha.
Kiwanda kinageuzwa vyumba vya kupangisha;
sakafu ameinunua bosi wangu, Thibodeau, kwa futi,
naye atawauzia wapendao vitu vyenye umri,
bora visiwe na harufu.
Lakini vina harufu. Pitisha msumeno tu:
msonobari uliokatwa kabla babu wa babu yangu hajatahiriwa
unatema ulimbo mbichi,
kana kwamba hakuna aliyeuambia kuwa umekufa.

Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na neno
la kitambaa kigumu, cheupe kisicho cheupe sana,
cha mashuka, na cha sanda:
merikani.
"Kaniletee merikani, dhiraa sita."
Utotoni nilidhani ni jina la mwenye duka.
Sikujua ni anwani.
Sikujua nitakuja kupiga magoti juu ya neno lile
na mtalimbo mkononi,
nikilibandua ubao mmoja mmoja.

Ubao wa tisa ulinigomea.
Niliulaza mezani, nikaupima kwa rula ya chuma,
mwanga ukapenya chini ya rula mahali pawili.
Mabonde mawili, kila moja kiganja na nusu,
la kushoto limezama zaidi.
Nikadhani ni mashine iliyoburutwa.
Nikaushusha chini. Nikavua buti, na soksi,
usiniulize kwa nini, kwenye baridi ile,
nikasimama.

Vidole vyangu vikazidi ukingo.
Alikuwa mdogo kuliko mimi. Binti, pengine,
mwenye kuelemea mguu wa kushoto,
tangu giza la asubuhi hadi giza la jioni,
uzi ukikatika, aunge,
ukikatika, aunge,
mpaka nyayo zikaula mti.
Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Hawakusema haba na haba humaliza nini.

Bi. Stavrou, mwenye jiko, alikuja na picha kwenye simu.
Matundu ya misumari anayapenda,
akayapapasa kama mtu anayechagua maembe.
Mabonde, hapana. Yatatuamisha maji.
Thibodeau akanigeukia: "Mhina, piga randa."
Nikapiga randa.
Upande wa chini.

Jumatano nikaupachika mbele ya sinki,
mabonde juu, nikaupaka mafuta mara mbili
hadi ukawa na rangi ya chai ya mkandaa.
Kabla sijaupigilia nilikuwa nimeugeuza
nikaandika mgongoni kwa penseli ya fundi,
kwa ajili ya seremala mwenzangu
atakayekuja siku nyumba hii nayo ikibomolewa:
USIPIGE RANDA HAPA.
Kwa Kiswahili. Atafute mkalimani.

Simu ililia mwezi Aprili.
Nikajiandaa kwa matusi.
"Ule ubao wa sinkini," akasema.
Nikasema ndiyo.
"Maji yanatuama."
Nikasema ndiyo.
Akanyamaza; nikasikia bomba likidondoka kwake.
"Najikuta nasimama hapo," akasema,
"hata kama hakuna vyombo."
Sikujibu. Nilikuwa na misumari mdomoni.
Kisha akakohoa, akarudi kuwa mteja:
mlango wa kabati unakwaruza,
nije lini?