Tangi la Saba

Asubuhi Jinja, kabla umeme haujarudi,
nasugua ukungu wa kijani kwenye vioo
kwa siki na gazeti la jana.
Nkejje, ndivyo wanavyowaita pale Masese.
Kwa mama yangu, mzaliwa wa Mwanza, ni furu tu,
furu wa kukaanga, furu wa kukausha,
samaki ambaye hakuna aliyemuuliza anapendaje.

Hapa tunamuuliza. Kwa saa na kalamu,
mitetemo mingapi kwa dakika.

Tangi la saba anakaa mmoja.
Alitolewa kinywani mwa mama yake angali yai,
akalelewa peke yake kama siri,
hajapata kuona pezi lisilo lake.
Jumanne tulimtilia jike.
Akatulia kidogo. Kisha akatetemeka,
kichwa hadi mkia, akalitandaza pezi la chini
lenye madoa ya njano, mviringo kama mayai,
hatua kwa hatua, ngoma asiyofundishwa.

"Jeni," alisema Daktari Wambuzi, akiandika.
Bibi yangu angesikia *jini*,
wala asingekosea sana:
kitu kimekaa damuni, kinakupanda,
kinacheza kwa miguu yako.

Lakini alicheza ovyo.
Alimchezea jike, akalichezea bomba la hewa,
akakichezea kivuli cha mkono wangu.
Hakujua pa kunyamaza.
Jike akampa mkia.

Tangi la nne ni mtaa.
Dume mmoja wa buluu, mwenye shimo la mchanga,
na wengine kijivu, maji ya kuoshea vyombo,
wanaopita pembeni wakijifanya hawapo.
Juzi usiku tulimwondoa mkubwa, gizani, kwa wavu.
Taa zilipowaka, kijivu mmoja akageuka huku,
akageuka kule. Hakuna wa kumfukuza.
Chai yangu haijapoa, amekuwa buluu.
Buluu! Kumbe rangi alikuwa nayo siku zote,
imekunjwa ndani kama kanzu ya Idi sandukuni.

Sasa nije kwa Tenywa.

Tenywa wa pampu, mwenye "ndiyo, Daktari"
mpaka sauti yake ikafanana na pampu.
Miaka miwili tunapishana na ndoo,
sikujua ana meno mazuri.
Jana Daktari kaenda Entebbe, mkutanoni.
Leo Tenywa kaja na shati la njano,
kola imenyooshwa kwa pasi ya makaa,
akasimama katikati ya chumba, katikati kabisa,
akanisimulia habari ya mbuzi na polisi wa Bugembe
akicheka, bega la kushoto likiruka.

Muuza uji alikuwa mlangoni, kashika kikombe.
"Bega hilo," akasema, "la baba yake.
Naye alinichekea hivyo hivyo."
Baba aliyezama mtoni
mimba ya Tenywa ina miezi minne.

Basi nani alinialika kula samaki Jumapili?
Marehemu? Shati? Kiti kitupu cha Daktari?

Sikumjibu. Nilichota maji.
Jike hakurupuki: hulitazama shimo,
huutazama mchanga, huwatazama na majirani,
kwani ni yeye atakayebeba mayai kinywani
wiki nzima na zaidi, bila kula.

Daktari anarudi Jumatatu.
Nimemwambia Tenywa: Jumapili hapana.
Jumanne, labda.
Nataka kwanza kuliona lile shati
Jumatatu, saa mbili asubuhi,
mlango utakapofunguliwa.